Ombeni Mkiwa Njiani: Kazi ya Wauguzi kwa Mama na Mtoto Saa ya Hatari



Miaka michache iliyopita, kijana mmoja wa kwaya yetu alinipigia simu saa tatu ya usiku. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane. Tangu asubuhi kichwa kilimuuma sana, macho yalikuwa yanaona ukungu, na uso wake ulikuwa umevimba. Kijana akasema, "Mchungaji, kuja utuombee." Nilikwenda mara moja. Tuliimba, tukaomba, tukakemea. Karibu saa mbili zilipita. Halafu yule mama akaanza kutetemeka mwili mzima, meno yakakaza, akapoteza fahamu. Ndipo tulipoanza kutafuta pikipiki.

Kwa neema ya Mungu mama yule aliishi. Mtoto alitolewa kwa upasuaji usiku uleule, akiwa na uzito wa gramu 1,600. Asubuhi, muuguzi mkuu wa maternite, mama mtu mzima anayenifahamu vizuri, aliniita pembeni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mchungaji, sisi pia tunaomba hapa kila asubuhi kabla ya kazi. Lakini siku ingine, ombeni mkiwa njiani."

Neno hilo halijanitoka moyoni. Mimi nilisomea theolojia, sikusomea uganga. Tangu usiku ule nimekuwa nikienda mara kwa mara kuwatembelea wagonjwa wa maternite na kuwauliza wauguzi wanieleze wanachofanya. Wengi wetu tunamjua daktari anayepasua. Kazi ya muuguzi na mkunga, wale wanaokesha karibu na kitanda, hatuijui sana. Na kwa sababu hatuijui, tunaichelewesha. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kuzaa hakumaliziki mtoto anapotoka

Wamama wengi wanajifungua bila shida, tunamshukuru Mungu. Lakini shida inapokuja, mara nyingi haipigi hodi. Mama mwenye afya njema, aliyezaa watoto wanne salama, anaweza kupata hatari kwa wa tano. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa katika nchi yetu mwaka 2013 na 2014 ulikadiria kwamba wamama 846 wanakufa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Nyuma ya hesabu hiyo kuna sababu chache zinazojirudia: kutoka damu nyingi, tansio kupanda, uchungu unaokwama, na maambukizo. Kwa upande wa watoto wachanga, sababu kubwa ni kushindwa kupumua wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya wakati, na maambukizo.

Saa za hatari zaidi ni zile za kuzaa na siku ya kwanza baadaye. Sisi nyumbani, tukisikia mtoto amelia, tunapiga vigelegele na kuanza kutafuta jina. Muuguzi hapigi vigelegele bado. Kwake, saa ngumu ndiyo inaanza.

Damu inayopotea kimya

Mama akijifungua, tumbo la uzazi linapaswa kujikaza kama ngumi ili kufunga mishipa ya damu pale kondo la nyuma lilipokuwa limeshika. Lisipojikaza, damu inamwagika. Kupoteza nusu lita au zaidi ni hatari, na mama mwenye upungufu wa damu anaweza kulemewa hata na kiasi kidogo kuliko hicho.

Kwa hiyo mtoto anapotoka tu, muuguzi anampiga mama sindano ya oksitosini ili tumbo lijikaze. Analichunguza kondo la nyuma kuona kama limetoka zima, kwa maana kipande kikibaki ndani damu haitakoma. Halafu anaweka mkono juu ya tumbo, kila dakika 15 katika saa ya kwanza, na kurudi tena na tena. Je, ni gumu, au limelegea? Anatazama pia kitambaa, anapima mapigo ya moyo na tansio, anahakikisha mama amekojoa, kwa maana kibofu kilichojaa kinazuia tumbo kujikaza.

Shida kubwa ni kwamba macho yanadanganya. Damu iliyonyonywa na kitenge na godoro inaonekana kidogo kuliko ilivyo. Mwaka 2023 matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini yalitangazwa. Wauguzi waliwawekea wamama mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo ili kupima damu, na damu ikizidi walifanya mambo yote kwa pamoja: kusugua tumbo, kutoa oksitosini na dawa ya kusaidia damu kuganda, kuweka serumu, na kuchunguza damu inatoka wapi. Kutoka damu kwa kiasi kikubwa, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Kilicholeta tofauti ni kupima kwa uangalifu na kutenda haraka. Hiyo ni kazi ya muuguzi.

Tansio na kifafa cha mimba

Huu ndio ugonjwa uliomshika yule mama wa kwaya yetu. Baada ya mwezi wa tano wa mimba, tansio inaweza kupanda hadi 140 juu ya 90 au zaidi, na kuanza kuharibu figo, ini na ubongo. Mama anaweza kuwa nayo bila kusikia kitu. Ndiyo maana kwenye kliniki ya wajawazito wanapima tansio na mkojo kila mara. Dalili za hatari ni maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, na kuvimba uso na mikono ghafula. Mwisho wake ni kifafa cha mimba: mama anatetemeka na kupoteza fahamu, kama tulivyoona.

Wapendwa, hapa niseme wazi. Katika sehemu zetu, mama akianguka hivyo wengi wanasema ni pepo, au jirani amemroga. Mimi mwenyewe usiku ule nilikemea. Ilikuwa ni tansio.

Dawa yake inajulikana: salfeti ya magnesiamu, inayotolewa kwa sindano. Utafiti wa kimataifa uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini dawa hii ikizidi inaweza kuzuia kupumua. Kwa hiyo muuguzi hatoi sindano na kuondoka. Anahesabu pumzi za mama, anagonga goti kuona kama mguu unaruka, anapima mkojo unaotoka kila saa. Anamlaza mama kwa ubavu ili asipaliwe. Anaendelea hivyo hata mtoto akisha kuzaliwa, mchana na usiku, kwa saa 24 au zaidi, kwa sababu kifafa kinaweza kuja hata baada ya kuzaa. Niliposikia hayo, nilielewa kwa nini yule muuguzi alikuwa na macho mekundu asubuhi ile.

Uchungu uliokwama

Mtoto anaweza kukaa vibaya, au njia ikawa nyembamba. Muuguzi anafuata uchungu kwa kuandika kwenye karatasi inayoitwa partogramu: njia imefunguka kiasi gani, moyo wa mtoto unapiga mara ngapi kwa dakika (kawaida ni kati ya 110 na 160), uchungu unakuja mara ngapi, mama anaendeleaje. Karatasi hiyo inaonyesha mapema kama safari imekwama, ili mama apelekwe kwenye hospitali kuu kabla nguvu hazijamwishia.

Uchungu ukikwama siku mbili nyumbani, mtoto anaweza kufa, tumbo la uzazi linaweza kupasuka, na mama anayepona anaweza kubaki na fistula, yaani tundu linalofanya mkojo au choo kutoka bila kujizuia. Tunawajua dada zetu waliokaa miaka mingi nyuma ya kanisa, karibu na mlango, kwa sababu ya haya. Wauguzi wanatuonya pia juu ya dawa za miti shamba za kuharakisha uchungu, na juu ya kusukuma tumbo kwa mikono au magoti. Mambo hayo yanaweza kupasua tumbo la uzazi.

Mtoto asiyelia

Mtoto akizaliwa bila kulia, muuguzi ana dakika moja tu. Anamkausha kwa kitambaa kikavu na kusugua mgongo wake. Wengi wanaanza kupumua hapo. Asipopumua, muuguzi anaweka kichwa chake sawa, anamfunika pua na mdomo kwa kinyago kidogo, na kumsukumia hewa kwa mfuko wa mkono, kama mara 40 kwa dakika, huku akitazama kifua kikipanda. Watoto wengi waliohesabiwa zamani kama waliokufa tumboni walikuwa wanahitaji hewa tu. Kumshika miguu kichwa chini na kumpiga, au kummwagia maji baridi, hakusaidii. Kunampotezea ile dakika moja.

Mtoto mdogo na kifua cha mama

Mtoto aliyezaliwa kabla ya juma la 37, au mwenye uzito mdogo, anakufa mara nyingi kwa baridi, kwa kukosa chakula, na kwa maambukizo. Katika milima yetu ya Kivu, baridi ya usiku inatosha kummaliza. Kuveze za umeme ni chache, na umeme wenyewe unakatika.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na shida hiyohiyo: kuveze hazitoshi. Akaanza kuwaweka watoto wadogo kwenye kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa kitambaa, kama mnyama kangaruu anavyobeba mtoto wake. Leo njia hiyo inatumika dunia nzima. Mwaka 2021 utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba kuanza mara moja baada ya kuzaliwa, bila kungojea mtoto apate nguvu kwanza, kunapunguza vifo vya watoto hao kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mashauri yake kufuatana na hayo.

Muuguzi ndiye anayemfundisha mama kumfunga mtoto kwa kitenge, kifua kwa kifua, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue, kofia kichwani. Anamfundisha kukamua maziwa na kumlisha kwa kikombe kidogo, au kwa mrija mtoto asipoweza kunyonya. Anampima uzito kila siku. Inatakiwa saa nane hadi saa 24 kwa siku, na mama peke yake anachoka. Baba anaweza. Bibi anaweza.

Yule kijana wa kwaya aliona haya siku ya kwanza kuvua shati mbele ya wamama. Siku ya pili alikubali. Mke wake alikuwa bado dhaifu, kwa hiyo yeye ndiye aliyembeba mtoto kifuani, akimwimbia polepole sauti ya besi. Wauguzi walikuwa wanakuja kusikiliza.

Mkisha kurudi nyumbani

Mama na mtoto wanapaswa kukaa kwenye kituo angalau saa 24 baada ya kuzaa, na kurudi kuchunguzwa katika siku tatu za kwanza, tena katika juma la pili, na tena katika juma la sita. Mtoto anyonyeshwe katika saa ya kwanza, asioshwe kabla ya saa 24, na asiwekewe kitu kwenye kitovu ila kile muuguzi amesema.

Mrudisheni mtoto kituoni mara moja akikataa kunyonya, akitetemeka, akipumua mbio mara 60 kwa dakika au zaidi, kifua kikiingia ndani, akiwa na homa au akiwa baridi, akilegea bila kujisogeza, au akiwa na ngozi ya manjano hadi kwenye viganja na nyayo. Mrudisheni mama akitoka damu nyingi, akiwa na homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali ya kichwa, kutetemeka, au kushindwa kupumua vizuri. Hata kama ni Siku ya Yenga. Hata kama ni usiku.

Mahali patatu tunapopotezea muda

Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, walieleza kwamba wamama wanapotea kwa sababu ya ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kukata shauri nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kupata huduma baada ya kufika. Nimelitazama kanisa letu katika hayo matatu.

Nyumbani, nani anakata shauri? Mara nyingi si mama mwenyewe. Wanamngojea mume aliye kwenye machimbo, au mama mkwe anayesema, "Mimi nilizaa wote nyumbani," au mchungaji. Wengine wanaogopa upasuaji, kwa sababu imesemwa kanisani kwamba aliyepasuliwa amekosa imani. Neno hilo limeua watu, na sisi watumishi ndio tunaopaswa kulifuta kwa vinywa vyetu.

Njiani, tunazijua barabara zetu: matope, vizuizi, milio ya risasi, madaraja yaliyovunjika. Wengine wanabebwa kwa tipoyi saa nyingi. Kwa sababu hiyo inafaa kuondoka mapema, na mama aliyeambiwa kwamba mimba yake ina hatari akae karibu na hospitali kabla ya majuma ya mwisho.

Hospitalini, kunaweza kukosekana damu, oksijeni, au muuguzi wa kutosha. Tena kuna fakture. Tumewaona wamama waliopona wakibaki hospitalini majuma kwa sababu hawajalipa, na wengine wakisikia hayo wanabaki nyumbani kwa hofu. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilianzisha huko Kinshasa mpango wa kuzaa bila malipo, ambao baadaye ulipanuliwa hadi majimbo mengine. Ulizeni kwenye kituo chenu kama umefika, na unalipia nini.

Kanisa mahalia lifanye nini?

Hospitali ya Panzi huko Bukavu, ambayo iko chini ya jumuiya ya CEPAC, inajulikana duniani kwa kazi ya daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Wengi hawajui kwamba mwanzo wa njia yake ulikuwa wamama wa kuzaa. Akiwa daktari kijana huko Lemera aliwaona wakifika wamechelewa, wengine wakivuja damu, na hilo likamsukuma kwenda kusomea uzazi Ufaransa. Panzi ilipoanzishwa mwaka 1999, tamaa yake ilikuwa wamama wapate mahali pa kuzalia salama. Vita vilileta majeraha mengine. Kwa hiyo kazi hii si ngeni kwa makanisa yetu. Haya tunaweza kuanza nayo:

Kwanza, kila familia inayongojea mtoto iandike mapema: tutazalia wapi, pikipiki ya nani, namba yake ya simu, nani atabaki na watoto, pesa ziko wapi, nani anaweza kutoa damu.

Pili, vijana wajitolee kutoa damu. Mama anayevuja hawezi kungoja tutangaze kanisani. Hospitali ikiwa na damu kabla ya siku ile, mtu anaishi.

Tatu, kila parwasi iwe na sanduku dogo la wamama, au mutuele ya afya, hata kwa franka chache kwa mwezi. Msamaria alipomfikisha yule majeruhi kwenye nyumba ya wageni, alilipa pia gharama na kuahidi kurudi kulipa itakayozidi.

Nne, wamama wa kanisa wamsaidie mama mwenye mtoto mdogo: chakula, maji, kufua. Akipumzika, maziwa yanakuja.

Tano, tuwaheshimu wauguzi. Wengine wanafanya kazi miezi bila mshahara, usiku kwa mwanga wa tochi. Shifra na Pua, wale wakunga wa Misri, majina yao yameandikwa katika Kutoka, na jina la farao wao halimo. Mungu anaijua kazi hiyo.

Raheli, mke wa Yakobo, alikufa akizaa njiani kuelekea Efrata, mkunga wake akiwa pembeni akimtia moyo. Yakobo alimjengea nguzo juu ya kaburi. Sisi pia tuna nguzo nyingi kandokando ya barabara zetu. Si kila mama ataokolewa, hata tukifanya yote, na walio katika huzuni hiyo tusiwaongezee mzigo wa maswali. Lakini wengi wanaweza kuokolewa.

Mtoto yule wa gramu 1,600 sasa anaimba kwenye kwaya ya watoto, na sauti yake ni kubwa kuliko ya wenzake. Mimi bado ninapigiwa simu usiku. Siku hizi ninauliza kwanza, "Pikipiki imefika?" Kama haijafika, ninaitafuta. Halafu ninapanda ya pili nyuma yao, na ninaomba hadi mlango wa maternite.

Bwana awalinde wamama wetu na watoto wao. Amina.